Mataa yakiwa mekundu, lazima usimame kila mara? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Nafundisha udereva Dar es Salaam, na kazini nakwenda kwa baiskeli. Asubuhi niko miongoni mwa wale wanaopigiwa honi wasogee pembeni. Saa mbili baadaye niko kiti cha kushoto cha gari la kujifunzia, mguu juu ya breki ya pili, namwangalia mwanafunzi anayefika kwenye mataa kwa mara ya kwanza akiwa ameshika usukani. Maswali haya ndiyo ninayoulizwa darasani, kijiweni kwa bodaboda, na mara moja hata msibani. Nayajibu hapa kama ninavyowajibu wanafunzi wangu.

Nipe jibu fupi. Nisimame au nisisimame?

Simama. Iwe gari, bajaji, bodaboda, guta au baiskeli, simama nyuma ya mstari mweupe. Unapita taa ikiwa nyekundu pale tu askari wa usalama barabarani anapokuita kwa mkono. Mengine yote ni maelezo, na maelezo yenyewe ni marefu kidogo.

Sheria ya Tanzania inasemaje?

Sheria ya Usalama Barabarani ni ya mwaka 1973. Inamtaka kila anayeendesha chombo barabarani kutii alama na taa, na baiskeli nayo ni chombo. Faini ya papo kwa papo kwa gari ni shilingi 30,000 kwa kosa. Kwa bodaboda na bajaji ilishushwa hadi shilingi 10,000 katika bajeti iliyosomwa Juni 2021. Ukisababisha ajali kwa kupita taa, hayo ya faini yanakuwa madogo. Hapo unazungumzia mahakama.

Lakini nikiona kabisa hakuna gari upande wa pili, namkosea nani?

Hili ndilo swali lenyewe, na anayeuliza huwa anaamini kwa dhati kwamba ameona kila kitu. Naomba tulitazame polepole.

Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa, mwendo unaoruhusiwa mjini, linakata karibu mita 14 kila sekunde. Dereva wake akikuona umejitokeza, sekunde moja hivi inaisha kabla mguu haujafika kwenye breki: mita 14 zimekwenda. Breki zikishika kwenye lami kavu na matairi mazuri, mita nyingine 14 zinakwenda kabla gari halijasimama. Jumla ni kama mita 28. Mvua ikinyesha, au lori likiwa na mzigo wa saruji, ongeza nyingi. Sasa jiulize: ukiwa kwenye mstari, umeona mita ngapi za barabara ya pili? Pembeni yako kuna daladala. Mbele ya daladala kuna bodaboda watatu. Kwenye kona kuna kibanda cha chipsi na bango la simu. Ulichokiona ni upenyo, nawe umeuita barabara.

Kisha mfikirie aliye upande wa kijani. Yeye ameambiwa na taa kwamba ninyi mmesimama. Hapunguzi mwendo kwa sababu hana sababu ya kupunguza. Uangalifu wake wote ameshaukabidhi kwenye ile taa, akiamini kwamba nawe utaiheshimu, ingawa hamjawahi kuonana na hamtaonana.

Kuna asubuhi moja siisahau. Nilikuwa na baiskeli, nimesimama kwenye mataa, na mbele yangu kulikuwa na muuza madafu. Mzigo wake ulikuwa umepangwa kwenye mkungu mmoja mkubwa nyuma ya kiti, umefungwa kwa mpira wa tairi la ndani uliokatwa vipande virefu, na mapanga mawili yamechomekwa ubavuni. Taa ikatuwakia kijani. Akasimama juu ya pedali, mguu mmoja, baiskeli ikayumba mara mbili ikashika mwendo. Alikuwa amefika katikati pale pikapu ilipotokea kulia kwake, dereva akiiwahi taa iliyokuwa imeshakuwa nyekundu kitambo. Haikumgonga yeye. Iligonga nyuma ya mzigo. Madafu yakatawanyika kwenye lami, mengine yakapasuka, maji yakatiririka hadi kwenye mtaro, na yule kijana akakaa chini palepale katikati ya njia nne, ameshika kiwiko, anayatazama. Pikapu haikusimama. Tulimsaidia kuokota madafu yaliyobaki mazima. Alituambia mtaji wote wa siku hiyo ulikuwa wa kukopa.

Yule dereva wa pikapu, ukimuuliza jioni, angekuapia kwamba hakukuwa na mtu.

Njano inamaanisha nini hasa? Si "wahi kabla haijafunga"?

Hapana. Njano inamaanisha simama, isipokuwa kama uko karibu mno na mstari kiasi kwamba breki ya ghafla italeta hatari. Kwa mwendo wa mjini njano huwaka kama sekunde tatu. Zile mita 28 zinakufaa hapa pia: ukiwa mbali zaidi ya hapo, unaweza kusimama bila kumtupa abiria mbele. Ukiwa ndani ya hapo, maliza kupita bila kusitasita.

Na kuna jambo ambalo madereva wengi hawalijui. Katika mataa mengi, upande wako ukishakuwa mwekundu, upande wa pili hauwaki kijani papo hapo. Kunakuwa na sekunde moja au mbili ambazo pande zote ni nyekundu, ili wa mwisho apate kutoka katikati. Sekunde hizo zimekuwa mali ya kugombaniwa. Huyu anayechelewa anasema, "bado hawajaruhusiwa." Yule wa upande wa pili anayetazama namba zikihesabu, tatu, mbili, anaachia klachi kabla ya sifuri na kusema, "wameshafungiwa." Wote wawili wamepiga hesabu sawasawa, na wote wawili wanakutana katikati ya njia panda. Naona hili karibu kila siku. Ndiyo maana mwanafunzi wangu akisema "nilipita ikiwa nyekundu kidogo tu," namrudisha kwenye mstari.

Trafiki yuko katikati na taa zinawaka. Nimsikilize nani?

Trafiki. Ishara ya askari iko juu ya taa. Akikuita pita hata kama ni nyekundu, akikusimamisha simama hata kama ni kijani. Kijana aliyejitolea kuongoza magari akiwa na tawi la mti mkononi hana mamlaka hayo. Anastahili shukrani, lakini tumia macho yako mwenyewe.

Nina dukuduku moja hapa. Askari akiongoza makutano ambayo taa zake zinafanya kazi vizuri, kila jioni, na upande mmoja ukakaa dakika kumi bila kuitwa, madereva wanajifunza kuwa taa ni pambo. Kesho yake askari hayupo, na somo limeshaingia. Kuna siku analazimika: ajali, mvua kubwa, msafara wa kiongozi. Lakini kuifanya desturi kunatuharibia kazi sisi tunaofundisha.

Taa zimezima kabisa, umeme umekatika. Je?

Hapo hakuna nyekundu wala kijani, na hakuna mwenye haki kwa sababu ya ukubwa wa gari lake. Fika polepole kana kwamba umeona alama ya kusimama, simama, tazama, pishaneni kwa zamu. Waenda kwa miguu wavushwe kwanza, maana wao ndio hawana hata taa za kukuonyesha. Ikiwa njano ndiyo inayowakawaka peke yake, maana yake ni hii: pita kwa tahadhari.

Saa nane usiku, barabara tupu, naogopa kuporwa. Kweli nisimame?

Hofu hii siidharau. Wapo walioporwa simu dirishani, na wapo waliopata makubwa kuliko hayo. Lakini usiku ndio wakati ambao yule mwenye kijani anakuja kwa kasi kubwa zaidi, pengine amechoka, pengine amekunywa. Barabara tupu ndiyo inayomdanganya yeye kama inavyokudanganya wewe.

Njia ninayowafundisha wanafunzi, hasa akina dada wanaotoka kazini usiku, ni kuisoma taa kwa mbali. Ukiiona nyekundu kutoka mita 200, toa mguu kwenye mafuta, acha gari litambae, ufike pale inapobadilika. Mara nyingi hutahitaji kusimama kabisa. Ukilazimika kusimama, vioo juu, milango imefungwa, mkoba uwe chini miguuni, na gari la mbele uliache kwa nafasi ya kukuwezesha kuona matairi yake yalipokanyaga lami; nafasi hiyo inakutosha kukata usukani na kutoka. Mtu akikujia kweli kwa silaha, ondoka kwa uangalifu unaowezekana, kisha nenda kituo cha polisi cha karibu ukaeleze. Hiyo ni dharura, na haifanani na kupita taa kwa sababu labda, pengine, huenda kuna mtu kichakani.

Iko miji ya Ujerumani ambayo huzima baadhi ya taa usiku wa manane kwa sababu magari ni machache. Uamuzi huo hufanywa na mji, kwa makutano yaliyochunguzwa, na kila dereva anayefika pale anajua kwamba hakuna taa. Ukiamua peke yako, wa upande wa pili hana habari.

Gari la wagonjwa liko nyuma yangu linalia ving'ora. Nipite?

Usijitupe katikati. Sogea pembeni kwa kadiri nafasi ilivyo, taratibu, ulipe upenyo. Dereva wa ambulensi au zimamoto anajua namna ya kuingia kwenye makutano na king'ora chake kinasikika na wa pande zote. Wewe huna king'ora.

Wa nyuma wananipigia honi nipite. Wananitukana.

Waache wapige. Ukigonga mtu, hakuna hata mmoja wao atakayesimama kutoa ushahidi kwamba ndiye aliyekusukuma.

Nakata kushoto tu, siingii kwenye njia ya mtu. Bado nisubiri?

Subiri, isipokuwa kuna mshale wa kijani wa kushoto, au kuna ile njia ya pembeni iliyotengwa kabla ya taa. Watu huniambia Marekani wanaruhusiwa. Ni kweli kwa sehemu kubwa ya nchi ile: wao huendesha kulia, na hukata kulia taa ikiwa nyekundu baada ya kusimama kabisa kwanza, pale ambapo hakuna kibao kinachokataza. Jiji la New York linakataza isipokuwa palipo na kibao cha kuruhusu. Ugomvi wao kuhusu sheria hiyo unahusu waenda kwa miguu, kwa sababu dereva anayekata hutazama upande magari yanakotoka, shingo imegeuka, huku gari likisogea kuelekea kwa mtu anayevuka upande mwingine. Na mtu huyo kwetu ndiye yule mama mwenye beseni la samaki anayevuka kwa sababu magari ya mbele yake yamesimama.

Mimi ni bodaboda. Nikisimama kila taa, hesabu ya tajiri nitaipata wapi?

Kaka, najua. Tupige hesabu pamoja. Tuseme kwa siku unakutana na taa nyekundu 30, na kila moja unasubiri sekunde 40. Hizo ni dakika 20. Dakika 20 ni abiria mmoja, pengine wawili, na sitakuambia kwamba hiyo si pesa. Ni pesa.

Lakini weka upande wa pili. Shirika la Afya Duniani lilieleza katika ripoti yake ya mwaka 2023 kwamba barabara huua watu wapatao milioni 1.19 kwa mwaka duniani, na zaidi ya nusu yao ni wenda kwa miguu, waendesha baiskeli na wa pikipiki. Wewe uko kwenye kundi hilo, na abiria wako pia, mara nyingi bila kofia ngumu. Goti likivunjika, ni miezi bila kazi, pikipiki iko kituoni, na tajiri bado anataka chake.

Jambo la pili nawaomba kama ndugu: msisimame juu ya pundamilia. Mnapenya katikati ya magari mpaka mbele, halafu mstari mzima wa pikipiki unakaa juu ya kivuko, na wanafunzi wa shule wanapita katikati ya magurudumu yenye moto. Taiwan wamechora boksi kubwa kwenye lami mbele ya mstari wa magari, pikipiki zinasubiri humo, zinaondoka za kwanza, na kivuko kinabaki wazi. Ni rangi tu na mpango. Ningefurahi sana kuliona boksi kama hilo Barabara ya Morogoro.

Nasikia kuna nchi baiskeli zinaruhusiwa kupita taa nyekundu. Kwa nini sisi tusipite?

Ni kweli, zipo. Jimbo la Idaho kule Marekani lilianza mwaka 1982: mwendesha baiskeli akifika kwenye alama ya kusimama anapunguza mwendo na kupisha, na kwenye taa nyekundu anasimama kwanza, anatazama, anapisha wenye haki, ndipo anaendelea. Paris nako, mwaka 2015, walieneza vibao vidogo vya pembetatu vyenye picha ya baiskeli na mshale. Penye kibao hicho unaweza kupita nyekundu kuelekea mshale unakoonyesha, mradi umpishe kila mtu mwingine.

Na hoja yao nzito ni hii, naijua kwa magoti yangu mwenyewe. Kwa baiskeli, kazi kubwa kuliko zote ni kuondoka. Ukiwa na gunia la mkaa au kreti za mikate nyuma, kila kusimama kunakugharimu pumzi, na pale unapoanza upya unayumba, mahali palepale ambapo magari nayo yanaondoka kwa vurugu. Mwendesha baiskeli pia anaona na kusikia vizuri kuliko aliyefunga vioo na kiyoyozi. Anayesema baiskeli na lori ni sawasawa hajawahi kusukuma pedali juani.

Pamoja na hayo, nasimama, na nakuomba usimame. Chukua makutano yetu makubwa yenye upana wa mita 25. Baiskeli yenye mzigo, ikienda kilomita 10 kwa saa, inahitaji sekunde tisa kuvuka, na hiyo ni bila kuhesabu kuondoka. Katika sekunde tisa gari la kilomita 50 kwa saa linakata mita 125. Kwa hiyo kabla ya kuondoka ungetakiwa kuona barabara tupu mita 125 kila upande, pamoja na njia ya mabasi ya mwendokasi. Sijui makutano ya Dar yenye upenyo wa namna hiyo saa za kazi. Halafu Idaho na Paris kila dereva ameelezwa kwamba baiskeli inaweza kutokea. Hapa dereva hakutegemei, na ajali ikitokea sheria itakuwa dhidi yako wewe uliyelala chini.

Ukitaka jambo la kupigania, usipiganie kupita nyekundu. Piga kelele tupate taa za baiskeli. Copenhagen wana taa zinazowapa baiskeli kijani sekunde chache kabla ya magari, zikishakuwa mbele zinaonekana. Katika barabara yao ya Nørrebrogade taa zimepangwa ili anayekwenda kilomita 20 kwa saa akute kijani mfululizo. Huko mwenye baiskeli anatii taa kwa sababu taa nayo imemfikiria.

Na ukiwa na haraka sana: shuka, ikokote kwenye kivuko pamoja na wenda kwa miguu wakiruhusiwa.

Mwendokasi wanapita katikati. Kuna la kujua zaidi?

Moja, na ni la kufa na kupona. Tangu mabasi hayo yaanze Mei 2016, kukata kulia katika Barabara ya Morogoro kumekuwa na maana mpya. Basi linakuja kutoka nyuma yako, upande wako wa kulia, katika njia yake, likiwa na kijani. Basi refu lina mita 18 na abiria waliosimama ndani. Dereva wake akipiga breki ya nguvu kukuokoa wewe, wao wanaangukiana. Usikate kulia mpaka mshale wako uwake. Hata wa mbele yako akikata.

Nimesubiri muda mrefu na taa haibadiliki.

Taa nyingine zinakwenda kwa saa, hizo zitabadilika tu. Nyingine zinategemea waya uliozikwa chini ya lami kwa umbo la mviringo au mstatili, unaohisi chuma cha gari. Pikipiki na baiskeli hupitwa na waya huo kwa sababu chuma chake ni kidogo. Ukiona mistari iliyokatwa kwenye lami, simama juu ya mstari wenyewe, si katikati yake. Baadhi ya majimbo ya Marekani yana sheria inayoruhusu pikipiki kupita baada ya kungoja bila kuhisiwa, yetu haina. Ikiwa imeharibika kweli, ichukulie kama taa iliyozima, na toa taarifa.

Sioni vizuri tofauti ya nyekundu na kijani. Naweza kuendesha?

Katika taa zilizosimama wima, nyekundu iko juu daima na kijani chini. Soma nafasi. Lakini kapime macho kabla ya leseni, na umwambie mwalimu wako.

Nani alianzisha mambo haya?

Taa ya kwanza ya barabarani iliwekwa London karibu na Bunge, Desemba 1868. Iliwashwa kwa gesi na ikageuzwa kwa mkono na askari. Januari 1869 ililipuka na kumjeruhi askari aliyekuwa akiiendesha. Ya umeme ilikuja Cleveland, Marekani, mwaka 1914. Nyekundu kuwa ya hatari ilitoka kwenye reli.

Nikiwa na kijani basi niende tu?

Nenda, ukiwa umetazama. Kijani kinakuambia kwamba wengine wameamriwa kusimama. Hakiwezi kukuambia kama wamesimama. Kwa kuwa tunaendesha kushoto, wa kwanza kukufikia atatoka kulia, kwa hiyo tazama kulia, kisha kushoto, kisha kulia tena ukiwa unaachia breki. Halafu shusha macho kwenye kivuko mbele yako. Mara nyingi kuna mzee mwenye mkongojo ambaye taa imemkuta katikati. Mguu ubaki kwenye breki mpaka akanyage ukingo wa barabara.